Babu Tochi, Fundi wa Ndege Aliyedharau Boksi Dogo

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi mafundi mliokuja moja kwa moja kutoka karakana bila hata kunawa vizuri, asanteni kwa kufika. Mmesimama hapa kwa ajili ya mtu ambaye, angekuwa hai dakika hii, angekuwa anazunguka nyuma yenu akitikisa nguzo za turubai kuona kama zimekaza. Familia iliomba asifiwe kwa kiasi, maana sifa nyingi mwenyewe asingezikubali. Kwa hiyo yanayosomwa hapa ni yale tu yaliyothibitishwa na watu wawili.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Machi 1949, katika chumba cha nyuma cha duka la mikate, mtoto wa pili kati ya watano. Baba yake alikuwa mwoka mikate, mama yake ndiye aliyesimama dukani. Alipokuwa na miaka tisa aliifungua redio ya nyumbani, ile moja ambayo nyumba nzima iliitegemea, akaifunga tena, ikaimba vizuri kabisa. Tatizo, skrubu moja ilibaki mezani. Mtoto mwingine angeisukumia uvunguni akaenda zake kucheza. Yeye alimwendea baba yake akasema yote, na wala si kwa kuogopa fimbo. Alitaka kujua, kama redio inaimba bila ile skrubu, basi muda wote skrubu ilikuwa inafanya kazi gani humo ndani. Baba yake alimchapa kwanza. Halafu naye akaanza kuliwaza hilo swali, na inasemekana mikate ya kesho yake iliungua.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, akamaliza mwaka 1963, akaendelea na sekondari ya ufundi hadi 1968. Hesabu alikuwa moto. Insha, tumwombee tu. Waliambiwa waandike juu ya safari ya kukumbukwa, wenzake wakaandika milima na mito, yeye akaandika kurasa mbili kuhusu breki za basi, tena kwa masikitiko. Mwalimu alimpa sifuri ya insha, na jioni akaenda kumwonya dereva wa lile basi.

Baada ya chuo cha ufundi aliajiriwa katika karakana ya ndege mwezi Juni 1971, na hapo ndipo alipokaa mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 2009. Jina la Babu Tochi alilipata huko, enzi hizo likiwa Tochi tu. Ubabu uliongezwa baadaye na wajukuu. Alitembea na kurunzi ndogo kwenye mfuko wa kifua na kila kitu alikimulika. Mabawa, magurudumu, mchuzi.

Karakana ilimfundisha sheria moja ambayo aliibeba nyumbani kama watu wengine wanavyobeba dini. Fundi hapitishi kazi yake mwenyewe. Ukishafunga nati, anakuja mtu wa pili anaangalia, na akisema haijapita, haijapita, hata uwe na uzoefu wa kutisha. Marehemu alipenda kusema kwamba jicho la mwenye kazi lina upendeleo, kama jicho la mama mkwe. Ndiyo maana nyumbani kwake hakuna aliyezima jiko la gesi peke yake. Mmoja alizima, mwingine akaja kuthibitisha. Watoto walifunga kamba za viatu asubuhi, wakakaguana, ndipo wakaruhusiwa kutoka. Walichelewa shule sana, lakini hakuna aliyewahi kuanguka.

Mke alimpata kwa njia hiyohiyo. Mwaka 1975 alipeleka ovaroli yake kwa mshonaji mmoja wa magauni ya harusi, akaomba mfuko mpya wa kurunzi. Alipoenda kuuchukua, badala ya kusema asante akaumulika, akamwonyesha mshonaji mahali ambapo uzi ulikwenda kombo kidogo. Mshonaji aliichukua ile ovaroli, akaufumua mfuko wote mbele yake, akamrudishia nguo ikiwa na tundu, akamwambia aende akatafute mtu wa kumshonea kwa macho yake. Marehemu aliondoka na tundu lake. Wiki iliyofuata alirudi, na safari hii hakuja na nguo yoyote. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 11 Desemba 1976, bibi harusi akiwa amejishonea gauni mwenyewe na kumkatalia bwana harusi asilisogelee na kurunzi. Wakajaliwa mapacha, wa kike akitangulia dakika chache, jambo ambalo Pacha Mkubwa hajawahi kuacha kulitaja. Kuanzia hapo wakawa Baba Mapacha na Mama Mapacha, na Mama Mapacha akawa mtu wa pili. Yeye ndiye aliyepitisha rafu, mapazia, antena, mlango wa bafuni, kila kilichofungwa kwa mkono wa mumewe. Au aliyekataa kupitisha. Mlango wa bafuni ulirudiwa mara tatu, na familia wakati huo ilioga kwa imani.

Kustaafu kulimshika vibaya. Mtu aliyezoea kuambiwa kuna ndege inasubiri, sasa alikuwa anaamka na hakuna hata toroli linalomsubiri. Akageukia mtaa. Alikaza bomba za majirani bila kuitwa. Alimshauri kinyozi kuhusu kiti chake mteja akiwa amekikalia. Kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mjukuu, keki ilichelewa kukatwa kwa sababu Babu alikuwa ameinama anaangalia kama ghorofa ya juu imekaa katikati. Mapacha walikaa kikao, wakaamua baba yao atafutiwe shughuli kabla mtaa haujamtafutia.

Siku alipotimiza miaka sitini na sita wakampeleka kwenye duka la ndege za boksi, zile ndege za mfano za plastiki zinazokuja vipande vipande ukaziunga mwenyewe kwa gundi. Duka liko juu ya ngazi nyembamba, katikati ya fundi saa na mtu wa kutoa kopi, na mwenye duka ni dada mmoja mpole ambaye familia imemwita Dada wa Maboksi tangu siku hiyo. Akamweleza mgeni vizuri kabisa. Kwa anayeanza, alisema, chagua yenye vipande vichache, yenye injini moja, isiyo kubwa sana wala ndogo kama nzi. Marehemu alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akamwambia, "Binti yangu, mimi za kweli nimezipanda mpaka juu ya mkia. Hizo za kuanzia wape wanaoanza." Akanyoosha kidole rafu ya juu kabisa. Lilikuwa boksi refu kama benchi, ndege ya abiria ya injini nne, vipande zaidi ya mia sita, na madirisha ambayo ungeweza kuyavuta puani kwa pumzi moja. Dada wa Maboksi alijaribu tena. Akasema lile boksi watu hulinunua wakalitazama tu. Marehemu akajibu kwamba yeye hajaja kutazama.

Basi ndege ikahamia kwenye meza ya chakula. Familia ikahamia kwenye makochi, sahani mapajani, na huko ikakaa miaka sita.

Tuseme ukweli mbele ya mwili, maana mwenyewe angetaka hivyo: marehemu hakujua kuunga ndege ya boksi. Alijua ndege kupita kiasi, na hilo ndilo lililommaliza. Magurudumu alikataa kuyatia gundi kwa sababu gurudumu la kweli lazima litoke likachunguzwe. Vifuniko vya injini aliviacha wazi ili mtu aweze kufika ndani. Ni mtu gani wa kufika ndani ya injini yenye ukubwa wa kidole gumba, hakusema. Gundi aliipaka kwa ukarimu, ikatoa moshi wake ndani, madirisha yote yakafanya ukungu kama bafu. Siku moja akagandisha kidole kwenye kiti cha rubani, akaenda nacho sokoni, akasalimiana na watu.

Na kila hatua ilipaswa kupita kwa mtu wa pili. Mama Mapacha alikuja, akavaa miwani, akainama mpaka jicho likawa sawa na meza, namna anavyoangalia pindo la gauni, akasema bawa la kushoto limeshuka. Marehemu akabishana, akaleta nadharia, akaleta upepo. Lakini sheria ilikuwa yake mwenyewe, akabandua. Akarudia. Bawa la kulia likashuka. Siku ndege iliposimama hatimaye kwa magurudumu yake, mbele ya familia yote, ilikaa kidogo, ikanyanyua pua taratibu kama mtu aliyesikia harufu ya chakula, ikakalia mkia. Kumbe maelekezo yalisema utie uzito puani kabla ya kufunga. Marehemu, mtu aliyepiga hesabu za mizani ya ndege kwa karibu miaka arobaini, alisema hesabu zake zilikuwa sahihi ila ndege haina abiria.

Mwaka 2021 Mama Mapacha alitangaza kwamba meza ni ya kulia. Ndege ya injini nne ikapelekwa kwa Dada wa Maboksi, ambaye aliipokea kwa mikono miwili na kuiweka dirishani, mkia chini, pua juu. Mteja mpya akinyoosha kidole rafu ya juu, yeye haongei tena. Anamwonyesha tu.

Februari 2022 marehemu alianza kukosa pumzi kwenye ngazi. Hospitali ikasema ni moyo, umepanuka na kupungua nguvu. Alimuuliza daktari ni nani mwingine aliyeangalia hizo picha. Daktari akasema ameziangalia mwenyewe. Marehemu akavaa shati lake akakaa palepale mpaka akaletwa daktari wa pili, na wa pili aliposema vilevile, akakubali, akashukuru wote wawili. Dawa zilimsaidia, ila mikono ikaanza kutetemeka kidogo, na ngazi za nyumbani zikawa ndefu zaidi kila mwezi.

Hapo ndipo ikajulikana kilichokuwa kinamsumbua. Hakuwa anaogopa kufa, au kama aliogopa hakutuambia. Kilichomsumbua ni kwamba karakana ilikuwa imefungwa nyuma yake tangu 2009, na kwa mikono yake mwenyewe, nyumbani kwake, hakuwahi kuunda ndege hata moja iliyopita. Alitaka moja. Alimwambia mkewe hivyo Novemba 2023, akiangalia ukutani. Tatizo, kuipata kulimaanisha kupanda zile ngazi nyembamba na kuomba boksi la wanaoanza, kwa yule dada, huku ile nyingine imekaa dirishani inawasalimia wapita njia. Hapana. Bora afe na kiu. Akamtuma Mama Mapacha aende peke yake, aseme ni la mjukuu.

Mama Mapacha akaenda. Dada wa Maboksi, kwa nia njema kabisa, akamuuliza mjukuu ana umri gani ili amchagulie linalomfaa.

"Sabini na nne," akasema Mama Mapacha.

Yule dada hakucheka. Aliweka maboksi matatu juu ya kaunta. La kwanza lilikuwa na ndege ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, na uzi wa kufunga katikati. Mama Mapacha akalisogeza pembeni, akasema uzi ni kazi yake yeye na hata yeye asingeupenda huo. La pili lilikuwa dogo kama boksi la sabuni, vipande vyake vikidondoka vitaliwa na zulia. La tatu lilikuwa ndege ya mafunzo ya wanafunzi wa urubani, pangaboi moja mbele, rangi moja ya njano mwili mzima, na bawa lake lilikuwa kipande kimoja kutoka ncha hadi ncha, kwa hiyo hata mkono ukitetemeka, bawa haliwezi kushuka upande. Dada akaongeza gundi nyembamba yenye brashi, akasisitiza ile ya kukamua aiache. Mama Mapacha aligeuza boksi, akaliangalia chini na juu, akakumbuka wanafunzi wake wote waliokuja kwake siku ya kwanza wakitaka kushona gauni la harusi. Wote aliwaanzisha na foronya. Akalichukua la njano.

Marehemu alisusa. Boksi lilikaa kwenye kabati la vyombo akilipita kama mtu anayemdai. Siku moja akalivuta, akasoma pembeni, akaenda nalo jikoni akiwa amekasirika, kwamba limeandikwa kuanzia miaka minane. Mama Mapacha akamwambia amezidi, kwa hiyo anaruhusiwa. Ikabidi acheke, na akicheka alikohoa, na alipomaliza kukohoa alikuwa ameshafungua boksi.

Alifanya kazi kwa saa chache asubuhi, mikono ikiwa imetulia. Safari hii alifuata maelekezo kwa mpangilio wake, kama mwanafunzi. Bawa likakaa. Rangi ikakaa. Magurudumu ndiyo yaliyoleta maneno, moja lilitazama nje kama bata. Akampelekea Mama Mapacha, akasimama mlangoni akishikilia fremu.

Mapacha walikuwepo siku hiyo. Pacha Mkubwa alimvuta mama yake kwenye korido akamwomba, jamani, mwambie tu imepita. Baba amechoka, ni plastiki, itamuumiza nani. Pacha Mdogo akaongeza kwamba hata Mungu angelifumbia macho hilo. Mama Mapacha aliwasikiliza wote wawili.

"Huyu mtu ameniamini macho yangu tangu kabla hamjazaliwa," akawaambia. "Nikimdanganya leo, atajua. Halafu ataanza kujiuliza na mengine yote."

Akarudi sebuleni, akasema haijapita. Marehemu akakaa chini, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye ni mgonjwa. Mama Mapacha akamjibu kwamba ndege hailijui hilo. Alimwambia hivyo akiwa amemshika bega, na alikwenda kulia jikoni bomba likiwa wazi, lakini alimwambia.

Alilazwa Mei, akalazwa tena Julai. Muuguzi wa zamu alimkamata na kichupa cha gundi chini ya mto, akakitaifisha, akamnunia wiki nzima. Aliporudi nyumbani mwanzoni mwa Agosti hakuweza tena kukaa mezani, ikabidi meza ndogo iletwe kitandani. Gurudumu alilibandua na kulirudisha akiwa ameegemea mito mitatu, pumzi kidogo, gundi kidogo, pumzi. Mwisho zikabaki stika, zile namba za kubandika ubavuni. Upande wa kulia ikakaa vizuri. Wa kushoto mkono ulimsaliti, stika ikapanda juu kama nyusi ya mtu anayeshangaa, na ikakauka hivyohivyo. Alimwita mkewe, akageuza uso.

Mama Mapacha alivaa miwani. Aliinama. Aliangalia bawa, mkia, pangaboi, magurudumu yote, akalipuliza moja likazunguka. Alichukua muda mrefu kiasi kwamba Pacha Mdogo alitoka nje. Kisha akasema vyote vimenyooka, lakini stika ya kushoto imepinda, na haiwezi kutoka bila kuchukua rangi.

Marehemu akafumba macho. Akauliza kama ni stika tu. Akaambiwa ni stika tu.

"Sasa stika ndiyo inayoishikilia hewani?" akasema. "Hiyo mbona inaruka. Karakana tulikuwa na dosari za kuzuia ndege na dosari za kusema tu. Unaisema, kila mtu anaijua, ndege inapita."

Mama Mapacha akavua miwani polepole. "Kumbe kuna dosari zinazopita. Miaka arobaini na saba, Baba Mapacha, hukuniambia."

"Ningekuambia, ungenipitisha ovyo."

Kwa mujibu wa mapacha, ambao ni wawili na kwa hiyo wanakubalika kama ushahidi, mama yao alicheka mpaka akakaa kitandani. Mlango wa bafuni ulikuwa na mkwaruzo tu, akasema. Ile rafu, ile antena. Yote yangepita. Marehemu akasema anajua. Ndipo Mama Mapacha akaishika ndege kwa mikono miwili, akatamka kwa sauti ya kueleweka kwamba imepita, na stika ya kushoto imepinda. Marehemu akauliza kama ameangalia chini. Akasema ameangalia. Akamwambia aangalie tena, akaangalia tena, na alipoinua kichwa mzee alikuwa amelala usingizi, mdomo wazi, amechoka kama mtu aliyetoka zamu.

Aliamka, alikula uji, aliishi siku kadhaa zaidi akiwaonyesha wageni ndege yake na kuwatajia stika kabla hawajaiona. Alifariki dunia nyumbani, Jumamosi asubuhi, tarehe 17 Agosti 2024, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano, mkewe akiwa upande mmoja na mapacha upande wa pili.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, mkwe wa kiume na mkwe wa kike ambao wote walikaguliwa kabla ya kupokelewa, wajukuu sita, dada yake mmoja na wadogo zake wawili, na mafundi wengi aliowafundisha ambao mpaka leo hawawezi kufunga mlango wa gari bila kuuvuta tena.

Wasifu huu ulisomwa na mjane kabla ya kupelekwa kuchapwa. Alivaa miwani, akausoma mpaka mwisho, akarudia ukurasa wa pili. Akasema mambo ya kidole na sokoni yametiwa chumvi, na sehemu ya yeye kulia jikoni haikuwa na lazima. Lakini upite.

Mungu amlaze pema Babu Tochi, mahali ambapo hakuna kitu kilicholegea, apumzike kwa amani.